Mbwa Huyu Ana Mwenyewe: Ilani kutoka Usenge

Mtoto akiumwa na mbwa hapa Usenge, kando ya Ziwa Victoria, watu hutafuta mawe kabla ya kutafuta sabuni. Mbwa hukimbizwa hadi vichakani, hupigwa mpaka afe au atokomee, kisha umati hutawanyika ukiamini kwamba shauri limekwisha. Mtoto hubaki na kidonda chenye mate ya mbwa. Hakuna aliyeuliza mbwa yule ni wa nani, alilelewa vipi, alichanjwa lini, na kwa nini leo ameuma ilhali jana alilala kibarazani pa nyumba hiyo hiyo.

Sisi tunaotoa ilani hii tumeamua kuyauliza maswali hayo hadharani. Tu wenye mbwa. Miongoni mwetu wamo wavuvi, kina mama wanaoanika omena (dagaa wa ziwani), walimu, wahudumu wa afya ya jamii na wahudumu wa mifugo, kutoka Usenge, Uhanya, Nyamonye, Got Agulu, Osieko na kisiwa cha Mageta. Tunaanzisha harakati yenye dai moja, na mengine yote yanatokana na hilo: tabia ya mbwa ni jambo la afya, na daktari wa mifugo ana wajibu wa kumfundisha mwenye mbwa namna ya kuishi naye, sawasawa na wajibu alio nao wa kumdunga mbwa huyo chanjo.

Wapo watakaotuambia kwamba ziwa lina shida kubwa kuliko mbwa. Samaki wamepungua, magugumaji yanaziba gati, mafuta ya injini hayanunuliki. Hayo tunayajua kwa kuwa tunaishi nayo. Lakini hili la mbwa nalo lina historia yake hapa kwetu. Kichaa cha mbwa kiliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Binadamu wa kwanza kuripotiwa kufa kwa ugonjwa huo nchini alikuwa mwanamke wa eneo hili la Ziwa Victoria, mwaka 1928. Karibu miaka 100 baadaye, makadirio yanasema watu wapatao 2,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka Kenya, na duniani kote ni kama 59,000. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Wanne katika kila kumi ni watoto ambao hawajafikisha miaka 15. Dalili zikishaanza hakuna dawa inayomrudisha mgonjwa. Familia hukaa ikimtazama mtu wao akiogopa kikombe cha maji.

Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030. Msingi wa mpango huo unaeleweka na kila mtu: wachanjwe mbwa 70 katika kila 100, kila mwaka, na mnyororo wa maambukizi utakatika. Chanjo inafanya kazi. Wataalamu wapo, japo wachache. Lakini pana jambo ambalo kwenye karatasi halionekani na huku ufuoni linaonekana waziwazi: ili mbwa achanjwe, lazima kwanza akubali kushikwa.

Tazameni siku ya chanjo inavyokwenda. Tangazo limepita kwa kipaza sauti juu ya pikipiki. Wahudumu wameweka meza chini ya mti, sanduku la barafu kando, daftari limefunguliwa. Wengi wanaoleta mbwa ni watoto, maana mtoto ndiye mbwa anayemfuata. Mvulana wa miaka kumi hivi anamvuta mbwa wao kwa kamba ya katani, fundo lenyewe ni lile linalozidi kukaza kila akivuta. Mbwa huyo hajawahi kuvishwa kamba, wala hajawahi kutoka nje ya boma lao akiwa amefungwa. Sasa yuko katikati ya makumi ya mbwa asiowajua, wote wanabweka. Anaketi chini. Kucha zimeng'ang'ania mchanga, kamba imezama kwenye manyoya, ulimi umeanza kubadilika rangi. Mtu mzima anakuja kusaidia, na msaada wake ni teke. Mbwa anageuka na kuuma mkono ulio karibu naye, na mkono huo ni wa mvulana. Kamba inaponyoka. Mbwa anarudi nyumbani bila chanjo, na mwakani hakuna atakayejaribu kumleta tena.

Hivyo ndivyo mbwa watulivu wanavyochanjwa mwaka baada ya mwaka, na wale wakali na waoga, ambao ndio huuma watu, wanabaki. Jioni daftari linaonyesha sindano ngapi zimetumika. Halina safu ya kuandika waliokimbia. Tunawaheshimu sana wahudumu wanaoshinda juani kwa kazi hiyo, na hatuwalaumu. Tunasema tu kwamba idadi ile ya 70 kwa 100 haitafikiwa Usenge mpaka mtu amfundishe yule mvulana, na hasa wazazi wake, kumzoesha mbwa kamba na mikono kabla ya siku ya chanjo. Mtu huyo ni nani kama si daktari wa mifugo? Siku ya chanjo ndiyo siku pekee katika mwaka ambapo daktari, mwenye mbwa na mbwa husimama mahali pamoja. Kuimalizia kwenye sindano ni kuipoteza.

Na mbwa mkali hazaliwi, hutengenezwa, tena mbele ya macho yetu. Mtoto wa mbwa huchukuliwa kwa mama yake akiwa hajatimiza hata mwezi, kwa sababu jirani amemwomba na mama mbwa amekonda. Hufungwa mnyororo nyuma ya jikoni. Wengine humlisha pilipili. Wengine humfungia gizani mchana kutwa ili usiku atoke na hasira. Watoto wanaopita njiani humrushia mawe, naye hawezi kukimbia wala kujificha. Baada ya mwaka mmoja langoni huandikwa kwa rangi nyekundu: Mbwa Kali. Mwenye boma hulala akijiona salama.

Tunamwambia mwenye boma huyo kwamba hana mlinzi. Ana mnyama aliyejaa hofu, na hofu haichagui. Mwizi anayejua kazi yake humrushia kipande cha nyama na kupita. Anayeumwa ni mjukuu aliyekuja likizo kutoka Nairobi, au mama mkwe, au mhudumu wa afya aliyeleta dawa za mgonjwa. Kazi ya mbwa wa ulinzi ni kubweka kwa wakati wake na kunyamaza mwenyewe akisema basi. Mvuvi anayeingia ziwani usiku na taa zake za omena humwachia mbwa mke na watoto. Anahitaji mbwa anayewajua watu wa boma kwa harufu na sauti, anayemtambua mgeni, na anayemsikiliza mwenye nyumba hata kwenye giza. Mbwa wa namna hiyo hapatikani kwa pilipili.

Hupatikana mapema, na wakati wake unajulikana. Kuanzia wiki ya 3 baada ya kuzaliwa hadi kati ya wiki ya 12 na ya 14, mbwa hujifunza dunia ni nani na ni nini. Katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, ambako John Paul Scott na John Fuller waliwachunguza mbwa kwa miaka mingi kabla ya kutoa kitabu chao mwaka 1965, watoto wa mbwa waliokaa hadi wiki ya 14 bila kuzoeshwa binadamu walitoka wakimkimbia mtu kama mnyama wa mwituni, na kuwarudisha ilikuwa kazi ngumu mno. Hapa ziwani hatuhitaji maabara kulielewa hilo: samaki mkunje angali mbichi.

Basi tunaeleza namna ya kumkunja, kwa sababu ilani isiyoonyesha kazi yenyewe ni kelele. Chukua omena wachache waliokauka vizuri, waliochambuliwa mchanga. Keti chini, kwenye usawa wa mtoto wa mbwa. Mguse sikio kidogo, mpe omena. Mguse sikio tena, sasa lifunue ndani, mpe omena. Inua mguu wa mbele, bonyeza kucha kwa upole, mpe. Inua mdomo wa juu uone meno, mpe. Mvishe kamba laini shingoni wakati anakula, ivue akimaliza. Kesho ivishe tena na utembee naye hatua chache. Mwite jirani aje, ampe omena kwa mkono wake mwenyewe. Pikipiki ikipita barabarani mpe. Mtoto wa shule akikimbia mpe. Dakika chache kila siku zinatosha, na akichoka mwache. Baada ya wiki kadhaa utakuwa na mbwa anayetikisa mkia akiona kamba, na daktari atamdunga chanjo huku akitafuna. Gharama yake ni omena wasiofika nusu ya kikombe.

Mbwa mzima mwenye woga naye husaidika, ila polepole, na kwa mbali kwanza. Usimsogelee, mrushie omena ukiwa mbali kisha uondoke. Mnyororo ukilazimu, uwe mrefu wa kumfikisha kivulini na kwenye maji, na afunguliwe kila siku. Mbwa aliyefungwa saa zote amenyang'anywa njia ya kukimbia, na kiumbe asiye na njia ya kukimbia hubakiwa na meno.

Kabla ya meno mbwa husema mengi, nasi hatusikilizi. Hugeuza uso pembeni. Hulamba midomo ilhali hakuna chakula. Hupiga miayo bila usingizi. Weupe wa jicho huonekana pembeni, mwili hukakamaa, mkia huenda chini, au husimama wima ukitikisika kwa haraka bila furaha yoyote. Mwisho hunguruma. Kunguruma ni onyo, na ni onyo la hisani. Anayempiga mbwa kwa sababu amenguruma anamfundisha kunyamaza, na mbwa aliyejifunza kunyamaza siku nyingine ataruka bila kutoa onyo. Tunaomba jambo hili liingie katika kila boma la eneo letu la Yimbo: mbwa akinguruma, msimchape. Mwondoeni mtoto, kisha mtafute kilichomtisha.

Mara nyingine kilichomtisha ni maumivu. Mbwa aliyeanza ghafla kuuma akiguswa kichwani, mtazameni masikio kwanza. Kupe hujazana humo mpaka sikio likaoza. Mbwa anayefoka akiinuliwa huenda ana jipu, au mwiba wa samaki umemchoma fizi, au mguu umevunjika tangu alipogongwa na pikipiki na hakuna aliyejua. Mwenye mbwa huona ubaya wa tabia. Daktari mzuri hutafuta kidonda kwanza. Ndiyo maana tunakataa kugawanya kazi hii, eti daktari ashughulike na mwili, na tabia iachiwe fimbo.

Na mara nyingine kilichobadilisha tabia ni kichaa chenyewe. Hapa tunaomba kila mtu asome taratibu. Watu wengi wanamngoja mbwa mkali anayekimbia huku na huku akiuma kila kitu. Huyo yupo. Lakini yupo pia mbwa wa kichaa aliye kimya, anayejificha chini ya kitanda, anayetembea akiyumba, ambaye sauti yake imekauka, taya limelegea na mate yanachuruzika. Kwenye ufuo wa samaki, mwenye mbwa akiona taya limeachama hivyo husema mara moja: amekwamwa na mwiba. Humfungua mdomo na kutia vidole kooni kuutafuta. Mwiba haupo. Virusi vimo kwenye mate, na vidole vya mvuvi havikosi michubuko ya nyavu na ndoana. Mbwa wa namna hiyo msimtie mkono mdomoni. Mfungieni mahali asipomfikia mtu wala mnyama, mwiteni mhudumu wa mifugo siku hiyo hiyo. Na aliyekwisha kumtia mkono aende hospitali, hata kama hakuumwa.

Aliyeumwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Pimeni kwa saa ya simu. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, na chanjo ianze bila kungoja lolote, na siku zote za kurudi zitimizwe hata kidonda kikipona. Mbwa asiuawe. Akiwezekana kufungiwa salama, atazamwe kwa siku 10. Akimaliza siku hizo yu mzima, basi siku ile aliyouma hakuwa na virusi kwenye mate, na daktari wa hospitali atajua kama sindano zilizobaki zinaweza kusimamishwa. Akifa ndani ya siku hizo, mhudumu wa mifugo achukue sampuli ipelekwe maabara. Umati unaomponda mbwa mawe na kumtupa ziwani unamnyima mtoto aliyeumwa ushahidi uliokuwa unahitajika kuliko kitu kingine chochote.

Tunajua pia siku ambazo mbwa huuma zaidi, na hazikosi sababu. Siku ya matanga ni mojawapo. Boma hujaa wageni kutoka Kisumu, Mombasa na Nairobi, maturubai yanafungwa, vipaza sauti vinalia usiku kucha, ng'ombe anachinjwa karibu na mahali mbwa alipofungwa, na watoto wageni wanampitia mbiombio gizani wakielekea chooni. Mbwa huyo hajalala siku tatu. Kila mtu ana kazi, na hakuna anayemkumbuka mpaka amng'ate mtu. Tunawaomba wenye msiba, bila kuwaongezea mzigo, wamkabidhi kijana mmoja jukumu hilo: mbwa ahamishiwe kwa jirani anayemjua kabla wageni hawajaanza kufika, akiwa na maji na kivuli, arudishwe wakishaondoka. Mwalimu mmoja kati yetu amekwisha kufanya hivyo katika boma lao, na mbwa alirudi akiwa mtulivu kuliko waombolezaji.

Sasa tunazungumza nawe, daktari. Tunakuheshimu, ndiyo sababu tunakudai. Masomo yako mengi yalikuwa juu ya ng'ombe, mbuzi na kuku, kwa kuwa hao ndio wanaoleta maziwa na fedha. Tangu miaka ya 1990, matibabu ya mifugo yalipoachiwa watu binafsi kwa sehemu kubwa, umekuwa ukilipwa kwa dawa na sindano. Ushauri haulipiwi, kwa hiyo hautolewi. Hilo si kosa lako peke yako. Marekani ina chama cha kitaaluma cha madaktari wa mifugo waliobobea katika tabia za wanyama tangu 1993. Sisi hatuombi bingwa wa kukaa Usenge. Tunaomba dakika tano. Kila mbwa anayeletwa kwako, muulize mwenyewe: huyu analala wapi, anaishi na watoto wangapi, amewahi kutishia mtu? Mwonyeshe kufunga kamba isiyokaba. Mwonyeshe namna ya kuufunga mdomo wa mbwa kwa kitambaa bila kumnyima pumzi. Ukimshika mbwa kwa upole mbele ya watu ishirini waliopanga foleni, umewafundisha watu ishirini. Ukimkandamiza kwa goti, umewafundisha vilevile.

Nasi kwa upande wetu tunakubali kulipia ushauri. Anayetaka daktari afike nyumbani kutazama mbwa mwenye matatizo alipe kama anavyolipa kwa ng'ombe. Wasioweza, tutachanga.

Kwa Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, ambayo chini ya sheria ya mwaka 2011 ndiyo inayosajili madaktari na wasaidizi wao, tunaomba elimu ya tabia ya mbwa iingie katika mafunzo yao ya kujiendeleza, na isiishie kwa madaktari wa Nairobi wenye wateja wa mbwa wa kifahari. Msaidizi wa afya ya mifugo anayezunguka Yimbo kwa pikipiki ndiye anayehitaji zaidi, maana ndiye anayeonana na mbwa wetu.

Kwa serikali ya Kaunti ya Siaya tuna neno refu kidogo. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, imezikabidhi kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, na imetaja kwa jina utoaji wa leseni za mbwa. Mbwa wa Usenge yumo katika Katiba ya nchi. Ipo pia Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, na ipo Sura ya 360 inayomkataza mtu kumtesa mnyama. Sheria hazikosekani. Kinachokosekana ni daftari. Tunataka kila mbwa aandikwe kwa mzee wa kijiji: jina lake, boma lake, tarehe ya chanjo, na kama anashikika au hashikiki. Safu hiyo ya mwisho ndiyo tutakayoipigania kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayomwambia mhudumu ni wapi aende nyumbani badala ya kungoja chini ya mti. Leseni isigeuzwe njia ya kukusanya ada. Mwananchi akitozwa kwa kuwa na mbwa atamkana mbwa. Na timu za chanjo zivuke maji. Mbwa wa Mageta hupanda mashua na wenyewe kuja Usenge siku ya soko, na virusi havilipi nauli.

Tunajua wapo viongozi watakaopendekeza njia ya mkato: mbwa wauawe. Imeshajaribiwa. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, kichaa kilipoingia mwaka 1997, mbwa waliuawa kwa maelfu mengi, na ugonjwa ukabaki. Watu walificha mbwa wao au kuwahamisha, na waliouawa nafasi zao zikachukuliwa na wachanga wasiochanjwa. Tazama upande wa pili, tena karibu nasi: Pemba. Huko kampeni za kuchanja mbwa zilizorudiwa mwaka hadi mwaka ziliuondoa ugonjwa kisiwani. Ulipoingia upya mwaka 2016, walichanja tena, na ukaondoka tena. Flores ni kisiwa, na Pemba ni kisiwa. Kilichotofautiana ni walichokifanya watu.

Zaidi ya hayo, mbwa koko ni wachache kuliko tunavyodai. Tukisema koko, mara nyingi tunamaanisha mbwa ambaye mwenyewe amemkana siku alipouma. Juzi alikuwa analinda kiosko chake. Leo hamjui. Harakati hii inakataa ukanaji huo. Hata wale mbwa wa ufuoni wanaoshinda kati ya nyavu alfajiri, wakati kina mama wanatandaza omena na matumbo ya mbuta yamezagaa kando ya mizani, nao tunataka wawe na mwenyewe. Kamati ya ufuo iwaandike kwa jina lake, matumbo ya samaki yafukiwe ili mbwa wasiyapiganie miguuni mwa watoto, na majike wafungwe uzazi daktari akipatikana. Mama anayewatupia vichwa vya samaki kila asubuhi wanamfuata popote. Siku ya chanjo, huyo ndiye atakayewaleta, na tunataka aitwe na kuombwa kwa heshima, kwa kuwa hakuna mwingine Usenge anayeweza kazi hiyo.

Shuleni tutafundisha machache na kuyarudia mpaka yakae. Mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha haguswi. Mbwa akikujia mbio, simama wima kimya, mikono ubavuni, usimtazame machoni, usikimbie. Ukianguka, jikunje, funika shingo na masikio. Ukiumwa, hata mkwaruzo, sema nyumbani. Jambo la mwisho ndilo gumu kwa watoto wetu, maana wengi huficha wakiogopa kuchapwa kwa kumchokoza mbwa. Tunawaambia wazazi: mtoto aliyesema ameumwa asipigwe, kwa lolote. Kuna watoto waliozikwa na siri hiyo.

Anayejiunga nasi anaahidi haya. Mbwa wake atachanjwa kila mwaka, bila kungoja tangazo. Hatatoa wala kupokea mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki 8. Hatamlisha pilipili, hatamfungia gizani. Atasema "ni wangu" siku njema na siku mbaya, na mbwa wake akimuuma mtu, atampeleka aliyeumwa hospitali kwa gharama yake kabla ya kujitetea. Wasiokubali hili la mwisho tunawasihi wasijiandikishe kwanza.

Tutaanza na tulicho nacho. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tutakutana ufuoni Usenge baada ya omena kuanuliwa, tufanye mazoezi ya kamba na kushika, pamoja na mhudumu wa mifugo yeyote atakayetukubalia. Lengo letu la kwanza ni tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo ni ukumbusho wa kifo cha Louis Pasteur: tunataka siku hiyo foleni ya chanjo ya Usenge iende bila mbwa kukabwa na bila mtoto kuumwa. Mje na mbwa mmoja kwa mtu mzima mmoja, kamba laini, na omena mkononi. Mwenye mbwa asiyeshikika aje peke yake kwanza, atuambie boma lake liko wapi, nasi tutamfuata nyumbani.